Mcheza-mpira na binti mwimbaji: neno juu ya mapendo yasiyo na haraka

Vijana wa parokia moja ya mji wetu wa Lubumbashi walituletea daftari la kurasa arubaini hivi, lililoandikwa kwa mkono. Ndani yake mna mchezo wanaotaka kuonyesha mbele ya wakristu siku ya sikukuu ya parokia. Walituomba tuusome na kuwaambia mawazo yetu pasipo kuwaficha neno. Tumeusoma mara mbili, na mara ya pili tulishika kalamu nyekundu. Twaona yafaa tuseme hapa yale tuliyowaandikia, na mengine ambayo hayakuenea katika ukingo wa daftari, kwani mapadri, waseminari na wakatekista wanaosoma kurasa hizi wataletewa daftari namna hiyo siku moja, kama hawajaletewa bado.

Habari yenyewe ni hii. Kijana mmoja anacheza mpira kwa mshahara katika ekipe kubwa ya mji. Binti mmoja anaimba katika korali ya parokia, lakini hamu yake ni kuwa mwimbaji kamili, mwenye nyimbo zake mwenyewe na diski yenye jina lake. Wanajuana. Wanazoeana pole pole. Nyuma ya siku nyingi wanatambua ya kuwa wamependana. Hadithi ya namna hii si ngeni hata kidogo. Vijana wanaikuta kila usiku katika telefone zao. Katika vitabu vya Wamarekani mara nyingi yule kijana ni mchezaji wa mpira wa barafu, anayeteleza juu ya viatu vya chuma, naye binti anaosha sahani katika hoteli akingojea bahati yake. Vijana wetu wameondoa barafu, wakaweka vumbi la Kamalondo. Hapo wamefanya vema, nasi twawapongeza.

Lakini wazee wa parokia wamepata habari, na wengine wanataka mchezo ukatazwe. Wanasema: mcheza-mpira ni mtu wa feza na wa wanawake wengi, mwimbaji ni mtu wa baa, haifai kuwaingiza watu wa namna hiyo katika ukumbi ambamo wakatekumeni wanafundishwa siku ya posho. Twaheshimu wazee. Hofu yao haikutoka hewani. Kila mmoja wetu ajua binti aliyedanganywa kwa ahadi ya diski, na kijana aliyemaliza feza ya miguu yake mbele ya kufika miaka thelathini. Hata hivyo hatukubaliani nao. Mchezo huu haukukosa kwa kusema juu ya mapendo. Umekosa kwa kuwa haujui bado mapendo yanakwenda namna gani, na kosa hilo latengenezwa kwa kalamu, si kwa katazo.

Tena wazee wasisahau mpira na wimbo viliingia mji huu kwa mlango gani. Ekipe tunayoiita leo TP Mazembe ilianzishwa mwaka 1939 na mapadri Wabenediktini wa Institut Saint-Boniface, kwa ajili ya vijana wao wa skauti, wakaiita Saint-Georges. Baadaye ikawa Saint-Paul, kisha Englebert, kwa jina la kampani ya mipira ya magari, na kwa jina hilo ilichukua kombe la Afrika mwaka 1967 na mwaka 1968. Padri Anschaire Lamoral, Mbenediktini vilevile, ndiye aliyewafundisha watoto wa mji kuimba katika korali ya Croix de Cuivre. Naye Joseph Kiwele, mtu wa kwetu, alitunga Missa Katanga. Kijana wa mpira na binti wa wimbo wamelelewa, tuseme, katika ua mmoja. Wakionana tena katika ukumbi wa parokia si wageni pale.

Basi tuingie ndani ya daftari. Mchezo una sehemu tatu. Katika ya kwanza kijana anatia goli, watu wanapiga kelele, binti anaanzisha wimbo kati ya watazamaji, kijana anageuka kutafuta ni nani anayeimba. Kwa sinema ungekuwa mwanzo mzuri. Juu ya jukwaa la mbao, pasipo kiwanja na pasipo mpira, utawachekesha watu. Katika sehemu ya pili mtu anasimama pembeni na kutangaza ya kuwa miezi sita imepita. Anarudi tena: mwaka umepita. Sehemu ya tatu ni posa na arusi, pamoja na diski ya binti, ambayo kijana ameilipia.

Waandishi walituambia wametaka mapendo ya pole pole. Twaona walivyowaza: tumeweka miezi mingi, basi ni pole pole. Lakini mwaka unaotangazwa kwa mdomo unapita kwa nukta tatu. Aliyepata kuwasha mbabula ajua jambo hili. Makala hayashiki kwa sababu mtu amesema ya kuwa saa imepita. Yanashika kwa sababu mtu ameinama, amepepea, moshi umemwingia machoni, ameacha, amerudia. Katika mchezo huu hakuna anayepepea. Tunaonyeshwa kiberiti, kisha tunaonyeshwa bukari imeiva.

Tuwape vijana mfano wa kweli, tena wa watu wanaojulikana. Wengi wenu mmesikia nyimbo za Khadja Nin. Alizaliwa Bujumbura mwaka 1959, na angali mdogo aliimba katika korali ya mji ule. Mwaka 1975 aliolewa akaja kukaa Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa wakati ule. Mwaka 1980 alikwenda Ubelgiji pamoja na mtoto wake mdogo. Diski yake kubwa ya kwanza ilitoka mwaka 1992. Hesabuni: alikuwa na miaka 33. Ile iliyomjulisha mahali pengi, Sambolera, ilitoka mwaka 1996. Bwana wake ni Jacky Ickx, Mbelgiji, mmoja wa waendesha-magari wakubwa wa mashindano. Alishinda mara sita yale mashindano ya saa 24 ya Le Mans, katika Ufaransa. Na mwaka 1983 alishinda yale ya Paris-Dakar, yaliyopita wakati ule katika jangwa la Afrika, akiwa na mwigizaji wa sinema Claude Brasseur kando yake ndani ya gari.

Katika nyumba yao hatuingii. Namna walivyoonana na yale waliyoambiana ni yao wenyewe. Twatazama tu mambo yaliyofanyika mbele ya watu wote, nayo yatutosha.

Mwaka 1969, Le Mans. Desturi ya mashindano yale ilikuwa hivi: waendeshaji walisimama upande mmoja wa njia, magari upande wa pili, bendera ikishuka, wanakimbia, wanaruka ndani, wanaondoka. Kusudi wasipoteze nukta chache, wengine waliondoka pasipo kufunga mkanda vizuri. Ickx alikuwa na miaka 24. Bendera ikashuka, wenzake wakakimbia, yeye akatembea. Alivuka njia kwa mwendo wa mtu anayetoka misa, akaingia, akafunga mkanda, akaondoka wa mwisho. Katika mzunguko ule wa kwanza Mwingereza mmoja, John Woolfe, aliangushwa na gari lake akafa. Saa 24 zilipokwisha, Ickx na mwenzake Jackie Oliver walikuwa wa kwanza, wakimwacha wa pili kwa meta mia na ishirini hivi tu. Mwaka uliofwata waendeshaji walianza wakiwa wamekaa ndani ya magari, mikanda imefungwa.

Hilo ndilo tunalotaka vijana walione. Mtu ambaye kazi yake ni mwendo wa kasi aliweza kutembea mbele ya macho ya maelfu, kwa kuwa alijua ni kitu gani kinachoua. Mtu wa namna hiyo akiandikiwa hadithi ya mapendo yasiyo na haraka, tutaisadiki. Mwandishi hana lazima ya kutangaza ya kuwa mwaka umepita. Atuonyeshe tu akivuka njia. Tazameni tena miaka yao. Ickx aliacha mashindano makubwa ya viwanja mwaka 1985. Diski ya kwanza ya bibi ilikuja miaka saba baadaye. Jua la mmoja lilikuwa limekwisha kushuka katika kazi yake, la mwingine lilikuwa halijapanda. Katika daftari la vijana wetu goli na wimbo vinatokea dakika moja, arusi na diski siku moja. Maisha hayana adabu namna hiyo.

Waseminari wanaosoma mistari hii, wanaohesabu miaka ya filosofia na ya teolojia kwa vidole, hawana lazima ya kufundishwa nasi ya kuwa kungoja ni kazi.

Kosa la pili latuuma zaidi. Kijana wa mchezo huu ana kazi: twamwona mazoezini, twamsikia akilalamika juu ya goti, mwalimu wake anamkaripia. Binti hana kazi. Anaimba mara tatu, na mara zote tatu wimbo umekwisha kutengenezwa, sauti imenyooka, watu wanapiga makofi. Hatumwoni akikosa hata sauti moja. Hatumwoni akitafuta neno lisilotaka kuja. Mwishoni kijana anamlipia diski kama vile mtu anavyomnunulia mchumba wake kitambaa. Tuliwauliza waandishi, ambao ni wavulana wanne na msichana mmoja, ni nani aliyeandika maneno ya binti. Walitazamana. Msichana alikuwa amepewa kazi ya kunakili tu, kwa sababu mwandiko wake ni mzuri.

Basi, kama binti ni mwimbaji kweli, yeye naye ana goti lake linalouma. Watuambie liko wapi.

Hapa kwetu Katanga hatukosi mfano wa kazi ya wimbo. Jean-Bosco Mwenda alikuwa kijana wa miaka 22 hivi alipokutana na Hugh Tracey kule Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, akapiga Masanga mbele ya mashine ya kushika sauti. Mwaka 1969, ule ule wa mwendo wa Ickx, alikuwa Marekani akipiga gitari mbele ya watu wa Newport. Kati ya Likasi na Newport ni miaka 17. Anayesikia Masanga mara ya kwanza anaona wepesi. Anayejaribu kuipiga anatambua ya kuwa kidole gumba kinafanya kazi ya mtu mmoja na kidole cha shahada kinafanya kazi ya mtu mwingine, na ya kuwa kuwapatanisha watu hao wawili si shauri la wiki moja. Tumewajua vijana walioacha gitari kwa sababu ya wimbo ule mmoja. Tuonyesheni binti wenu jioni, umeme umekatika, akirudia mahali pamoja pa wimbo mara kumi, na mara ya kumi bado anakosa. Kijana aweza kukaa kizingitini, goti limenyooshwa, akingoja amalize. Asiseme neno. Watazamaji watajua mbele yao wawili.

Kwa upande wa mpira waandishi wanajua mengi, lakini wamependa goli kuliko msimu. Kila mtoto wa Kamalondo ajua jina la Mbwana Samatta, Mtanzania aliyefika Mazembe mwaka 2011. Alichukua na wenzake kombe la mabingwa wa Afrika mwaka 2015, akaenda Genk, katika Ubelgiji, mwaka 2016. Magoli yake watu wanayakumbuka. Miaka ile minne na zaidi katikati, mazoezi ya asubuhi, safari, siku za kukaa kando kwa maumivu, hayo hayana wimbo. Na tukumbuke mwaka 2010. Trésor Mputu, aliyependwa sana na mji huu, alifungiwa na FIFA mwaka mzima kwa sababu ya ugomvi na mwamuzi. Mwezi wa kumi na mbili wenzake walikwenda Abu Dhabi pasipo yeye, wakaishinda Internacional ya Brazil mbili kwa sifuri, wakafika fainali ya dunia, jambo ambalo ekipe ya Afrika ilikuwa haijafanya kamwe. Mji mzima ulikuwa barabarani.

Juu ya Mputu mwenyewe na nyumba yake hatusemi neno. Lakini mwandishi wa mchezo, akiisha kusikia habari ile, ataacha kiwanja cha Abu Dhabi na kumbuni kijana wake katika hali kama hiyo: amekaa mbele ya televisheni, wenzake wanashinda, majirani wanapiga masufuria, naye hawezi kufurahi kabisa wala kulia. Ni nani aliyekaa karibu naye usiku ule? Hapo ndipo binti angeingia. Kumpenda mtu siku anayotia goli ni rahisi, watu elfu kumi na nane wanaweza kufanya hivyo pamoja.

Kosa la tatu si refu, lakini sikio halikulisamehe. Wale wawili wanaongea Kiswahili cha mji wetu kwa utamu mwingi juu ya kila jambo: bei ya makala, basi lililochelewa, padri anayehubiri kwa urefu (hapo tulicheka, kisha tukaacha kucheka). Wakifika kwa mapendo wanaruka kwa Kifaransa, tena Kifaransa kile cha filme, chenye moyo na nyota. Je, kabla ya telefone hakuna aliyempenda mtu katika Lubumbashi? Baba zetu walisema namna gani? Khadja Nin alikaa Ulaya, ambako Kifaransa kingemfungulia milango upesi, na nyimbo zake nyingi amezitia katika Kiswahili, kile cha pande zetu za maziwa, kinachopokea maneno ya jirani pasipo haya. Alichukua hata wimbo mmoja wa Stevie Wonder ambao jina lake kwa Kiingereza ni neno moja tu, maana yake «huru». Hakutafuta neno hilo katika kamusi. Aliuita Sina Mali, Sina Deni. Amejiuliza mtu wa kwetu anapojisikia huru husema nini, akapata. Waandishi wetu wafanye kazi ile ile kwa mapendo. Wawaendee wamama wa parokia na kuwauliza. Watapigwa makofi ya mgongoni na kuchekwa, kisha wataambiwa.

Mambo mengine twayapita upesi. Posa imeandikwa kwa mistari sita, katika nchi ambapo mjomba peke yake anahitaji jioni mbili mbele ya kufungua kinywa. Wazazi wa binti hawaonekani mpaka siku ya arusi, kama watu walioalikwa kwa barua. Padri anaingia mara moja, anabariki, anatoka. Hatukuchukizwa, lakini padri wa kweli angalijua habari hii tangu mwanzo, kwa kuwa korali inafanya mazoezi chini ya dirisha lake. Na ule wimbo wa mwisho wenye shauri jema kwa vijana wote, waufute. Kama mchezo umesema kitu, kimesikika. Kama haukusema, wimbo hautausaidia.

Sasa tuje kwa sababu iliyotufanya tuandike. Katika sehemu ya pili, kati ya matangazo mawili ya yule mtu wa pembeni, mna nusu ya ukurasa. Ekipe imeshindwa. Kijana anatoka kiwanjani kwa mlango wa nyuma, barafu imefungwa gotini kwa kitambaa (barafu ile tuliyodhani wameiacha Marekani). Binti yuko pale. Anatoka mazoezi ya korali, sauti imemkauka, mkononi ana karanga katika karatasi. Hawasemi juu ya mpira. Hawasemi juu ya wimbo. Anampa karanga. Wanatembea kuelekea kituo cha basi, kijana akichechemea, na binti anapunguza mwendo kidogo kidogo mpaka hatua zao zinalingana. Mmoja anasema karanga zina chumvi nyingi. Basi.

Tulisoma mahali pale mara tatu. Humo mna kila kitu walichotuahidi: kazi ya mmoja na kazi ya mwenzake, uchovu wa wote wawili, mwendo unaopunguzwa kwa ajili ya mtu mwingine, na hakuna mwaka uliotangazwa. Msichana mwenye kunakili alituambia kwa sauti ndogo ya kuwa nusu ukurasa ule aliuongeza yeye, mahali palipobaki wazi, wala wenzake hawakuuona. Tuliandika pembeni kwa kalamu nyekundu ya kuwa mchezo uanzie hapa, na ya kuwa sehemu ya kwanza yote yaweza kuondolewa.

Kwa wazee tuliomba jambo moja: wasiamue mbele ya kusoma mahali pale. Wengine walikubali. Wengine wangali wanasema ukumbi ni wa katekisimu, na shauri halijakwisha.

Daftari lilirudishwa siku ya posho iliyopita kwa mkono wa katekista. Mzee mmoja, kati ya wale waliotaka kukataza kwa nguvu, alilifungua palepale mlangoni, akavaa miwani, akasoma hadithi ya karanga akiwa amesimama. Kisha aliuliza kama binti alikuwa na feza ya basi ya watu wawili, au ya mmoja tu. Wavulana hawakuwa wamewaza jambo hilo. Msichana alisema: ya mmoja. Mzee akaliweka daftari chini ya kwapa, akasema atalisoma lote nyumbani, na ya kuwa atalirudisha siku ya Mungu nyuma ya misa ya pili.